Kanzu ya Mama Mchungaji

Barua ya dayosisi ilikuwa na mistari sita, na katika mistari yote sita hapakuwa na neno hata moja la kusema kwamba mchungaji mpya ni mwanamke. Ilisema atawasili Jumamosi, saa nne asubuhi, yeye na mwenzi wake. Ilisema apokewe kwa upendo. Ilisema nyumba ya mchungaji iwe tupu, imefagiwa, na ufunguo uwe kwa msomaji. Jina lilikuwa herufi mbili na ubini, na lugha yetu haina tabia ya kumchungulia mtu kabla hajafika: "atawasili" ni atawasili, awe bwana, awe bibi.

Aliyeirudia barua hiyo mara nyingi kuliko wote hakuwa msomaji mwenyewe. Alikuwa mkewe, fundi cherehani, ambaye parokia nzima ilimwita Mama Mchungaji. Si kwamba mumewe alikuwa mchungaji. Siku za kazi mumewe alikuwa karani wa ghala la saruji, na Jumapili alikuwa msomaji wa kanisa, yaani mtu wa kawaida aliyepewa ruhusa na askofu kuongoza sala, kuhubiri na kuzika mahali pasipo na mchungaji. Mchungaji wa mwisho alistaafu miaka kumi na minne iliyopita. Dayosisi ikasema subirini, wakasubiri. Mara nne kwa mwaka aliletwa kasisi wa kuazima, akabariki mkate na divai, akanywa chai, akaondoka. Jumapili nyingine zote zilikuwa za msomaji.

Nyumba ya mchungaji ikikaa tupu itaota mchwa, wazee wa kanisa walisema, basi msomaji ahamie. Akahamia, na mkewe, na mama yake mzazi. Na mwanamke anayekaa nyumba ya mchungaji, anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare, anayegongewa mlango alfajiri mtoto wa mtu akizidiwa, utamwitaje? Jina lilikuja lenyewe, bila kikao. Mwanzoni alilikataa kwa kucheka. Mwaka wa pili akaacha kucheka. Mwaka wa tatu akawa anageuka hata kabla halijamalizika kutamkwa.

Sasa wakahamia vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa parokia. Mama mkwe, ambaye masikio yake yalisikia yalichotaka, alikalia godoro lililokunjwa akauliza, "Tumefukuzwa?"

"Hatujafukuzwa, mama," msomaji akamwambia. "Mwenye nyumba anakuja."

"Mwenye nyumba si wewe?"

Msomaji akacheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa ameegemeza cherehani dirishani, na dirisha hilo lilitazama moja kwa moja jikoni kwake. Jikoni kwake kwa zamani. Ila alikuwa na faraja moja, aliyoipangilia kimya kimya kama mtu anayepanga vyombo kabatini: mchungaji atakuja na mke, mke atakuwa msichana wa watu asiyejua hata altare inafunikwaje, naye atamshika mkono. Watakuwa kina Mama Mchungaji wawili, mkubwa na mdogo. Mkubwa hanyang'anywi kitu.

*

Pikapu iliingia saa tano na nusu. Kwaya, iliyokuwa imeimba wimbo wa kukaribisha mara tatu kwa kujaribu, iliuanza tena kwa sauti za watu wenye kiu. Akashuka mwanamume mrefu, mwenye koti na mvi za heshima. Wazee wa kanisa wakamvamia. Mmoja akachukua begi lake, mwingine mkono wake wa kulia, wa tatu akabaki na wa kushoto.

Upande wa pili alishuka mwanamke mfupi, mnene kidogo, amejifunga mtandio hadi kidevuni kwa ajili ya vumbi, mikononi ana beseni la masufuria. Fundi akamwendea mbio.

"Lete, mdogo wangu, nikupokee. Waache wanaume wasalimiane, sisi tuna jiko letu."

Akampitisha mlango wa nyuma. Na humo ndani, akiwa amesimama katikati ya jiko tupu, akajisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia kwa wiki mbili.

"Dirisha hili linagoma. Usilivute, lisukume kwa kiwiko, hivi. Bomba hili hulia kama mbuzi kabla ya kutoa maji, usishtuke. Watu wakigonga alfajiri, vaa viatu kwanza ndipo ufungue, maana hujui utapelekwa wapi. Na mumeo akinuna Jumamosi jioni, mwache. Anatafuta mahubiri. Sisi wake wa wachungaji, mdogo wangu, kazi yetu ni kujua wakati wa kunyamaza."

"Asante, dada," mgeni akasema. "Lakini mume wangu hahubiri."

"Hahubiri?"

"Anaogopa watu. Yeye ni fundi bomba. Hili la mbuzi atalitengeneza hata leo."

Akaufungua mtandio kwa sababu ya joto. Shingoni, nyeupe kama jino, ilikuwapo kola ya kichungaji.

Huko nje kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Sauti ya yule mwanamume mrefu ilisikika ikisema kwa aibu, "Samahanini, wazee. Mchungaji ameingia jikoni." Kisha, kutoka dirisha la jiko alipokwisha kuchungulia, ikasikika sauti ya mwenyekiti wa Umoja wa Kina Mama, ambaye tangu zamani watu waliambizana kwamba kipaza sauti ndicho kinachomhitaji yeye, nao wakamwita Mama Spika: "Yesu wangu! Kola imevaliwa na mama!"

Mshangao haukudumu. Watu waliongoja miaka kumi na minne hawachagui sana. Mzee mmoja akauliza, kwa kuwa lazima mtu aulize, "Sasa huyu tutamwitaje?" Na Mama Spika akajibu mbele ya kila mtu, hana hata nia mbaya, "Swali gani hilo, mzee? Si ni mama? Si ni mchungaji? Mama Mchungaji!"

"Mama Mchungaji!" kwaya ikapokea.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, bado ameshika beseni la masufuria ya watu.

*

Jumapili ya kesho yake msomaji aliongoza sala kama kawaida, kwa kuwa mchungaji alikuwa hajasimikwa. Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Jumatatu, dukani, mwenye duka aliita, "Mama Mchungaji, sabuni yako!" Wakageuka wawili. Mwenye duka akapeleka macho huku na huku, akamwambia fundi kwa upole, "Si wewe, mama. Mwenyewe."

Mwenyewe. Fundi alirudi nyumbani na neno hilo kama kokoto ndani ya kiatu.

Jumanne fundi bomba alilifungua bomba la jikoni, akabadilisha mpira mmoja mdogo kama kifungo cha shati, na mbuzi akanyamaza. Miaka kumi na minne fundi cherehani alilalamikia bomba hilo kwa wazee wa kanisa, wakamjibu kwamba linashughulikiwa. Sasa akasimama dirishani kwake akiwatazama watu wa nyumba ile. Mume ndiye aliyekuwa akipika. Alikuwa amejifunga taulo kiunoni, anakatakata vitunguu, anapiga mluzi. Mchungaji alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevua viatu, anasoma. Mwanamke hata jiko lenyewe halihitaji, fundi aliwaza, na bado wamempa.

Jumatano ilikuwa zamu ya kabati. Mchungaji alikuja mwenyewe mlangoni, amebeba karatasi.

"Dada, nimeambiwa vitambaa vyote vya altare unavifua peke yako. Miaka yote hiyo! Nimepanga zamu. Kina mama kumi na wawili, kila mmoja wiki moja. Upumzike."

"Nani alisema nimechoka?"

"Hakuna aliyesema. Nimeona tu si haki."

"Hawajui kupiga pasi kile cha lesi. Watakiunguza."

"Watajifunza. Naomba ufunguo wa kabati, tafadhali, niuweke ofisini."

Alimpa. Ungefanyaje? Mchungaji alishukuru, akaenda zake na miguu yake ya haraka haraka, mguu ukikanyaga kabla wazo halijaisha. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtu mbaya ungemsema ukapoa.

Alhamisi watu walikuwa wamekwisha kupata ufumbuzi wa kuwatofautisha. Yule akawa Mama Mchungaji. Huyu akawa Mama Mchungaji wa Zamani. Kufika Ijumaa, kwa kuwa jina lilikuwa refu na watu wana shughuli zao, likakatwa.

"Shikamoo, Mama Zamani!" mwanakwaya mmoja akamsalimu njiani.

"Marahaba," akaitikia, na akashangaa kwamba ameitikia.

*

Msomaji alirudi jioni hiyo amechelewa chakula.

"Saa tatu nzima," mkewe akamwambia. "Umekaa naye saa tatu."

"Nilikuwa nakabidhi madaftari. La ubatizo, la ndoa, la mazishi."

"Madaftari matatu, saa tatu. Kila daftari na saa yake."

"Anauliza maswali, mke wangu. Anataka kumjua kila mtu."

"Na wewe unamjibu unacheka. Nimekisikia kicheko kutoka hapa nilipo. Mimi uliwahi kunichekea hivyo lini?"

"Kukucheka?"

"Kucheka na mimi! Usijifanye hujui Kiswahili."

Mama mkwe aliinua kichwa. "Ameoa mwingine?"

"Hajaoa, mama. Kula."

"Maana baba yake alikuwa hivyo hivyo. Alianza kwa kuchelewa."

Msomaji akasogeza sahani. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega ya kuinama inama, na saruji haikuwahi kumtoka kwenye kucha hata siku za sikukuu. "Hivi wewe," akasema, "hukuona kwamba nilichoka?"

"Ulichoka na nini? Watu walikupenda."

"Sikiliza. Tukishaungama dhambi, mchungaji anasimama anasema, Mungu awasamehe. Awasamehe ninyi. Msomaji haruhusiwi kusema hivyo. Msomaji anasema, Mungu atusamehe. Sheria ndiyo hiyo. Miaka kumi na minne mimi nasema tu, tu, tu. Nawaombea watu msamaha huku na mimi nimo kwenye foleni, na mbele ya foleni hakuna mtu. Jumapili hii nitakaa kwenye benchi kama wenzangu, na mtu ataniambia mimi: umesamehewa, nenda kale."

"Kumbe ulikuwa unamngoja."

"Kila siku."

Alisema bila kufikiri, kwa ukweli wake wote. Hakuona uso wa mkewe. Mkewe alidhani siku zote hizo, katika nyumba ile yenye bomba la mbuzi, walikuwa wametosha. Kumbe palikuwa na mtu anayengojwa.

*

Kanzu aliletewa siku ya pili yake. Jumapili askofu alikuwa anakuja kumsimika mchungaji, na kanzu nyeupe ya parokia ilikuwa ya yule mchungaji mstaafu, aliyekuwa na urefu wa mlango. Ilimfunika mchungaji mpya hadi ikabaki nguo ya kuburuta.

"Nimeambiwa fundi ni wewe," mchungaji akasema. "Ngazi za altare ni tatu. Nikijikwaa mbele ya askofu sitasahauliwa."

"Panda juu ya kigoda."

Fundi akapiga magoti na chaki yake. Alipima kama alivyompimia kila mtu maishani mwake, kwa ukimya na kwa haki. Kanzu ya ibada hufika kwenye kifundo cha mguu. Akaweka alama kifundoni, akazunguka nayo mpaka ikakutana na mwanzo wake. Alipoinua upindo kidogo aliona chini yake sketi ya mchungaji, sketi ya nyumbani, iliyopauka, yenye doa la dawa ya kufulia na pindo lililofumuka upande mmoja. Aliona, akaushusha upindo. Ni sketi ya kazi, alijiambia. Hata yeye alikuwa nayo ya namna hiyo.

"Mume wako ni mtu mzuri sana," mchungaji akasema kutoka juu ya kigoda. "Sijui ningefanya nini bila yeye."

 Alishuka, akaaga, akaenda mbio kumtembelea mgonjwa.

Mchana huo, mlango wazi, jua likiingia hadi miguuni, mama mkwe akisinzia kwenye kiti, fundi alitandaza kanzu juu ya meza. Kila fundi anajua: kitambaa kikiwa kirefu hukati kwenye chaki. Unashuka vidole vinne chini yake, unakata hapo, unakunja kilichobaki kwa ndani, ili siku nguo ikihitajika ndefu uweze kuifumua. Alishika mkasi. Akaitazama chaki. Akaondoka pale, kwenda juu, vidole vinne, akasimama, akasikia kutoka nyumba ile mluzi wa fundi bomba na harufu ya vitunguu vya mtu mwingine katika jiko lake, akapanda tena, upana wa viganja viwili vizima. Akakata.

Mkasi ulipita bila kukwama.  Akapiga pindo jembamba, zuri, lililonyooka kama mstari wa daftari, akaipiga kanzu pasi, akaikunja, akaipeleka ofisini, akaiacha mezani. Mchungaji hakuwepo ili aijaribu, na fundi hakumngoja.

*

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Askofu alikuwa na haraka, kwa kuwa alikuwa na parokia nyingine saa nane. Katika chumba cha mavazi, kilicho na kioo cha ukubwa wa sahani, mchungaji alivaa kanzu huku maandamano yakiwa yamekwisha kupangwa na kinanda kimekwisha kuanza. Aliinama akatazama chini. Hapakuwa na la kufanya. Akatoka.

Fundi alikuwa benchi ya tatu, kati ya mumewe na mama mkwe. Aliwaona watu kabla hajamwona mchungaji. Aliona vichwa vikigeuka, kisha vikiinama, kisha mabega yakianza kutikisika. Kanzu ilimfikia mchungaji chini kidogo ya goti, na chini yake ilining'inia sketi. Ile ile. Doa lake, pindo lake lililofumuka, uzi mmoja unaburuta sakafuni. Mtu aliyetegemea kanzu imfunike mpaka chini hakuona sababu ya kuchafua sketi yake nzuri, au pengine hakuwa na sketi nzuri. Hilo la pili fundi hakuwa amelifikiria mpaka wakati ule.

"Amevaa shati la mumewe," mtu akanong'ona nyuma. Kicheko kikapita benchi hadi benchi kama panya.

Mchungaji alipanda ngazi tatu bila kujikwaa. Aliapa, alisaini, alikabidhiwa ufunguo na Biblia. Sauti yake ilikuwa kavu mwanzoni, kisha ikapata maji. Walipoungama, aliwageukia, akainua mkono, akasema, "Mungu awasamehe," na msomaji, kando ya mkewe, akatoa pumzi ndefu ya mtu anayetua gunia. Fundi hakusikia hata neno moja. Alikuwa akitazama ule uzi sakafuni.

*

Chakula kilikuwa ukumbini. Askofu alikaa kati, mchungaji kulia kwake, fundi bomba kushoto akitazama sahani yake kwa woga. Askofu alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha ya askofu huchekwa hata kabla haijaisha.

"Mchungaji," akasema, "dayosisi ni maskini, lakini kama kitambaa kilipungua ungeniandikia!"

Ukumbi ukacheka. Mchungaji naye akacheka, akivuta sketi yake chini ya meza.

"Hapana, Baba Askofu, huu si mzaha tena," Mama Spika akadakia, na ukumbi mzima ukamsikia. "Hii ni aibu ya parokia. Fundi aliyekata kanzu hii ni nani?"

Hakuna aliyejibu, maana hapakuwa na haja. Parokia ilikuwa na fundi mmoja. Macho yakaanza safari kuelekea meza ya karibu na mlango. Msomaji alimtazama mkewe naye, mara moja, na katika mara hiyo moja akajua. Akaweka kijiko chini.

"Ni kosa langu," mchungaji akasema haraka. "Nilimwambia fundi akate hapo hapo. Naogopa ngazi. Nilijipima mwenyewe, nikakosea. Fundi alitii tu."

"Aaa!" ukumbi ukapumua. Na papo hapo wema ukamwangukia fundi kutoka kila upande. Mwanamke wa meza ya jirani alimpapasa bega. "Basi si wewe, Mama Zamani. Tulidhani macho yamekuishia." Mwingine akasema, "Na umri nao, jamani, tumhurumie." Mmoja akamwongezea nyama.

Alivumilia bega. Alivumilia hata nyama. Lakini neno macho lilimwinua kwenye kiti kabla hajaamua kuinuka.

"Mchungaji anadanganya," akasema.

Kijiko kimoja kilianguka mahali fulani.

"Hakujipima. Nilimpima mimi, na nilipima sawasawa. Chaki ilikuwa kifundoni, hata leo ukiitafuta utaiona kwenye kipande kilichobaki. Nilikata juu kwa kutaka. Mimi nashona tangu sijaolewa, mkono wangu haujawahi kukosea hata nusu ya kidole, na macho yangu ni mazima. Msiniambie nimezeeka. Semeni nina roho mbaya, hilo nitalikubali."

Askofu alikuwa amesahau kutafuna. "Huyu mama ni nani?" akauliza.

Watu wakatazamana. Jina lipi litajwe mbele ya askofu? Ni mama mkwe aliyejibu, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, akifurahi kwamba kwa mara ya kwanza siku hiyo ameulizwa kitu anachokijua.

"Huyo? Huyo ndiye Mama Mchungaji!"

Askofu akamtazama mchungaji aliye kulia kwake. Akamtazama fundi. Akaamua kunywa maji.

Fundi alitoka. Hatua zake zilisikika ukumbi mzima, kisha kwenye changarawe, kisha zikaisha.

*

Msomaji hakumgombeza. Alikaa kitandani akavua viatu, akasema, "Askofu ameniuliza kama ningependa kupumzika usomaji."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mchungaji ndiye aamue. Yeye ndiye uliyemvua nguo." Akavisukuma viatu chini ya kitanda. "Ungeniambia mimi kwamba unaumia."

"Nilikwambia. Ulikuwa unanieleza habari za foleni."



Jumatatu asubuhi, alipokwisha kwenda ghalani, mlango ulibishwa. Mchungaji alikuwa na kanzu mkononi na hasira usoni, hasira halisi, si ile ya mahubiri.

"Naweza kuingia au nitakatwa tena?"

"Ingia."

Hakukaa. "Nimekuja kusema mambo mawili. La kwanza, ile sketi. Nina mbili. Nyingine ilikuwa kwenye kamba, haijakauka. Watu mia tatu sasa wanajua nina sketi mbili."

"Sikujua."

"Hukuuliza. La pili, ulinifanya mwongo mbele ya askofu siku ya kwanza ya kazi."

"Ulikuwa mwongo."

 "Ndiyo," mchungaji akasema. "Nilikuwa. Nilidhani nakusaidia."

"Walinihurumia. Waliniongezea nyama!"

"Niliona ile nyama."

Mmoja wao alikaribia kucheka, haikujulikana yupi, lakini hakufika. Mchungaji akavuta kigoda akakikalia, kanzu magotini.

"Unajua kila nyumba ninayoingia wananiambia nini? 'Mama Mchungaji hukaa kiti kile.' Nakaa kiti kile. 'Mama Mchungaji humwimbia mgonjwa kwanza.' Siku ya kwanza nilidhani ni mimi ninayesemwa, nikashangaa, mimi sijui kuimba. Kumbe ni wewe. Mgonjwa wa Jumanne iliyopita alinisubiri nimalize sala, kisha akauliza kwa adabu, 'Na Mama Mchungaji atakuja lini?' Nimesoma miaka sita kwa ajili ya hii kola. Nilitoka pale nikikuchukia. Kwa nini unadhani nilikunyang'anya ufunguo wa kabati? Zamu! Zamu zilikuwa kisingizio."

 Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa msamaha pia alikuwa amejiandaa, ili aukatae. Kwa hili hakuwa na kitu mkononi.

"Na mume wangu?" akauliza mwishowe.

"Mumeo ananieleza habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Ananichosha, dada. Nacheka ili amalize."

Hapo fundi alicheka, ghafla, kwa pua, na akakasirika kwamba amecheka. Akainuka, akavuta kutoka chini ya meza kile kipande alichokata. Fundi hatupi kitambaa. Chaki ilikuwa bado inaonekana.

"Naweza kukirudisha. Ila mshono utaonekana."

"Na usomaji wa mumeo? Hukuuliza."

"Naogopa kuuliza."

"Ataendelea. Mimi nikiugua nani atashika Jumapili? Huyu wangu mpiga mluzi?" Mchungaji akavaa kanzu, akapanda kigodani. "Ila ufunguo sikurudishii leo. Bado nina hasira."

"Sikuuomba."

"Umeutazama mfuko wangu mara mbili."

Fundi akapiga magoti, akajaza pini mdomoni, akaanza kukizungusha kipande chini ya kanzu, pini moja baada ya nyingine, kitambaa kwa kitambaa. Alikuwa amefika nusu ya mzunguko. Kupitia dirishani aliliona jiko la nyumba ile na mapazia mapya yaliyotundikwa, upande mmoja juu kuliko mwingine, wazi wazi, hata kipofu angeona. Yalimpa raha ndogo, mbaya, ambayo hakuwa tayari kuiungama kwa mtu yeyote.

"Hodi!" sauti ya mwanamke ikaita nje, ina pumzi za mtu aliyekimbia. "Mama Mchungaji! Mama Mchungaji yupo?"

Mchungaji alitaka kushuka, lakini nusu ya kanzu ilikuwa imeshikwa pini na nusu nyingine iko mikononi mwa fundi. Fundi alitaka kuitika, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini. Wakatazamana, mmoja juu, mmoja chini.

"Hodi jamani! Mama Mchungaji!"

Fundi akazitema pini kiganjani, akazihesabu kwa mazoea, akainuka akishika kiuno.

"Simama wima, Mchungaji," akasema. "Usitikisike, utachomwa."

Akaenda mlangoni kuuliza ni yupi anayetakiwa.